Mwewe Aliyeombolezwa Lipangalala

Levina alipoiona picha kwenye kasha la kanda mpya, alilisogeza mlangoni penye mwanga. Mwanamume yule mwenye kovu kwenye nyusi, aliyeshika bastola karibu na shavu, alikuwa mtu ambaye yeye mwenyewe aliwatangazia watu wa Lipangalala kwamba amekufa.

"Imetoka wapi hii, mzee?" aliuliza.

"Mlimba. Imeshuka na treni jana," alijibu Abdulkarim, mwenye banda la video. "Mwewe wa tano. Jumapili baada ya misa tunaionyesha, na mji mzima unajua." Kisha akamtazama kwa jicho la upande. "Si ulisema kafa?"

"Nilisema."

"Basi utajua mwenyewe la kuwaambia. Ila nakueleza mapema, mwanangu: watu wakitoka kanda haijaisha, Jumapili inayofuata anasimulia Mayunga badala yako. Kila siku anatuma salamu kutoka kwenye mashamba ya miwa, anaitaka kazi hii."

Levina aliomba aitazame kanda kwanza, peke yake. Abdulkarim alikataa. Mafuta ya jenereta, alisema, hayachomwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Levina alikuwa ameacha shule kidato cha pili, baba yake alipougua, akarudi Lipangalala, hapo Ifakara, kulima mpunga na mama yake. Kiingereza alichokipata kwa masista kilimtosha kukaa kando ya televisheni na kuwasimulia watu filamu kwa Kiswahili. Shambani alikuwa jembe moja miongoni mwa majembe mengi. Bandani, akikohoa tu, wanaume wazima walinyamaza. Hakuwa na mahali pengine pa namna hiyo.

Filamu zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za jasusi mmoja wa Ulaya, ambaye mashabiki walimbatiza Mwewe. Hawakujishughulisha na majina ya kwenye kasha. Walisema ya Treni, ya Mamba, ya Kisiwa na ya Barafu, na kila Jumapili walibishana ipi iwe ya kwanza na ipi ya mwisho. Chanzo cha ubishi mkali kilikuwa ya Barafu, kwa sababu humo Mwewe alikuwa na sura nyingine. Mtu mgeni aliitikia jina lilelile, alilala katika nyumba ileile, akakabidhiwa bastola ileile na mkuu yuleyule wa kazi. Levina hakusita. Kwa jinsi alivyolelewa, mtu hupewa jina, nyumba na silaha za mwenzake kwa njia moja tu: mwenyewe amefariki, na ukoo umekaa ukamchagua mrithi. Akasimulia hivyo. Mwewe amekufa; huyu ni mdogo wake, amerithi.

Watu walilia. Wiki hiyohiyo walimwekea Mwewe matanga nyuma ya banda. Ponsiano, fundi baiskeli, alitoa jogoo. Fidel, ambaye ni Mngoni, na kwa hiyo mtani wa Wapogoro mwenye ruhusa ya kufanya mzaha msibani, alilala mkekani na miwani nyeusi ya kuazima, akawa maiti.

Jumapili ilipofika, mabenchi yalijaa mapema. Levina alikaa kwenye kigoda chake, akiwasikiliza.

"Ya Barafu ndiyo ya kwanza, na haitoki hapo," alisema Ponsiano. "Mdogo mtu kapiga watu huku ana msiba wa kaka yake! Nani mwingine kaweza?"

"Ninyi Wapogoro mnapenda msiba kwa sababu ya wali," alidakia Fidel. "Ya Treni ndiyo kazi ya kiume."

"Nyamaza, Mngoni wewe! Umekula jogoo wangu."

"Nililala chini nikawa maiti yenu, siafu wakaniuma. Hata paja moja mnanisimanga?"

Abdulkarim alifunga dirisha kwa kitambaa cheusi, akawasha deki. Gari lilisimama mbele ya hoteli. Kiatu kikatokea, kisha mguu, kisha sura.

Waliokaa mbele walijivuta nyuma.

"Mzimu!" mtu alisema kutoka benchi la nyuma.

Ponsiano alisimama. "Simamisha deki, mzee. Simamisha!" Picha ikaganda ikitetemeka. "Dada Levina, huyu ni nani?"

Levina alifikiri kusema ni pacha. Lakini kovu lilikuwa palepale kwenye nyusi, na ni yeye aliyewafundisha kulitazama, walipoonyeshwa ya Treni. Nyuma, watu wawili walikwishafika mlangoni, mmoja ameshika pazia. Abdulkarim hakuwatazama wao, alimtazama yeye.

"Ponsiano," alisema Levina, "siku ya matanga, maiti uliiona?"

"Maiti alikuwa Fidel!"

Wachache walicheka.

"Ya Mwewe nauliza."

"Hapana."

"Kaburi je?"

"Sikuliona."

"Hata mdogo wake hakuliona. Aliambiwa tu na wakubwa wa kazi, kama ninyi mlivyoambiwa. Jasusi anayewindwa dunia nzima, akitaka maadui wamwache, atafanya nini? Si atatangaza msiba wake?"

Aliposema hivyo hakujua kama kanda ingemuunga mkono au ingemuumbua. Aliyeshika pazia hakuliachia.

"Kwetu maiti akirudi nyumbani anapewa uji," alisema Fidel. "Ninyi mnamkimbia?"

Ponsiano alilivuta benchi lake. "Washa," alisema, akakaa. "Lakini nataka kumwona mdogo mtu."

Levina alisimulia akiwa na macho kwenye kila mlango uliofunguka katika filamu ile, akimwomba Mungu mdogo mtu atokee. Hakutokea. Hakutajwa hata mara moja. Hata hivyo hakuna aliyetoka, na Mwewe alipomwangusha adui yake bwawani, banda lilitikisika kwa kelele. Abdulkarim alimgusa begani. "Jumapili ijayo uwahi," alisema, basi.

Nje, kama kila Jumapili, ulifika wakati wa kuzipanga filamu. Kila shabiki aliisukuma baiskeli yake kwenye mstari wa filamu aliyoipenda, na mstari mrefu ndio ulioshinda. Siku hiyo baiskeli zilihama moja baada ya nyingine kutoka ya Barafu.

"Mdogo mtu kakalia kiti cha kaka yake, huku mwenyewe yu hai!" walisema. "Hata kumtafuta hakumtafuta. Huyo ni mwizi, siyo mrithi."

Ya Barafu ikawa ya mwisho. Ponsiano alibaki peke yake kwenye mstari wake, ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Unaona ulichomfanyia?" alimwambia Levina. "Mtoto wa watu hakukosa lolote. Yuko wapi sasa?"

Levina hakuwa na baiskeli, na msimuliaji hakuwa na desturi ya kuchagua upande. Alipita katikati ya watu, akashika keria ya baiskeli ya Ponsiano, akasimama hapo, wote wakimtazama.

"Sijui," alisema.