Hodi Tatu za Dobi wa Kitaliano

Mselem, mwonyesha sinema, alipokwenda mtaa wa Usagara kumtaka Mastura binti Kombo awafasirie wanawake sinema za Alhamisi, alidhani mwuza vitumbua huyo atakubali lolote. Mastura hata hakuinua macho kwenye moto.

"Nikae kiti cha mbele, na mama yangu ubavuni. Bila tiketi."

"Bi Mastura, hayo si mapatano, huo unyang'anyi!"

"Basi kafasiri mwenyewe, bwana. Sauti si unayo, kama jogoo aliyekabwa."

Akakubali. Angefanyaje? Mwaka ule, hamsini na tano, alikuwa amekodi ukumbi mchana mmoja wa juma kwa wanawake watupu, na mwenye ukumbi alishamwonya: siku wanawake watakayotoka picha haijaisha, Alhamisi anapewa mwingine.

Alhamisi moja mikebe ya filamu ikaja kutoka Mombasa, kufunguliwa, picha ya Kitaliano badala ya Kihindi, na watu wamekwishakaa. Haina wimbo, haina ngumi. Dobi mwanamke, mumewe kalemaa, wamefukuzwa nyumba. Kajitwika godoro anatafuta chumba katika mji uliobomolewa na vita. Mselem, akichungulia kwenye tundu la chumba cha mashine, alijiona hana tena Alhamisi.

Mastura hakujua Kitaliano. Lakini Kihindi nacho hakukijua. Alichosoma siku zote ni nyuso, na nyuso hizi hazikupakwa poda.

"Jamani," akasema, "huyu haigizi. Huyu wamemfuata tu na shida zake."

Miguno ya kudai nyimbo ikakoma.

Dobi akagonga mlango. "Hodi!" Mastura akamsemea. Kimya. "Hodi!" Kimya. Nani asiyejua kwamba ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka? Mastura alipoitoa ya tatu kwa nguvu zake zote, ukumbi mzima ukaitika:

"Karibu! Pita ndani, mwenzetu!"

Mlango haukufunguliwa. Picha ikaishia hapo. Wanawake wakalia, kanga machoni, wala hakuinuka mtu hadi taa zilipowaka.

Mselem alishafilisika mara mbili bila kutoa chozi, lakini kazi nzuri aliijua akiiona. Alhamisi ikabaki yake. Mastura alikaukiwa sauti wiki nzima, akauza vitumbua kwa ishara. Ilipomrudia akadai awe yeye wa kuchagua picha, na Mselem akampa bila ubishi. Ile ya dobi ilikwisharudi Mombasa, hawakuipata tena. Mselem alichopoteza ni raha ya kusimama mlangoni: kila Alhamisi alishikwa mkono aulizwe kama yule mama alipata chumba.