Kilima Kisicho na Moshi

Mimi ni mchoraji wa mandhari. Hapa Kasese maana yake ni kwamba naandika vibao vya saluni, na pasipokuwa na saluni mpya nachora milima. Majirani zangu wa Nyamwamba huniuliza kwa nini nahangaika na mlima ambao mtu anauona bure akienda chooni. Nami huvimba kichwa na kuwajibu kwamba siongezi jani wala sipunguzi jiwe. Jamani, majivuno! Ungedhani Mungu aliumba Rwenzori kisha akaningoja nije nikague.

Basi mama mmoja wa Kikongo, muuza vitenge pale Bwera, akanipa kazi. Mama yake mzazi alikuwa amekimbia vita ng'ambo ya mpaka, na tangu afike alikuwa akifunga mzigo kila asubuhi, eti anarudi kwake. Na huko watu walikuwa bado wanauawa.

"Unichoreye kilima yetu," akaniambia. "Akiiona kwa ukuta, pengine roho yake itatulia, abaki."

Kilima chao kinaonekana vizuri ukiwa Karambi, upande wetu wa mpaka. Nikapanda na kofia yangu pana na kiti cha kukunja. Mkulima mmoja akadhani nimekuja kupima ardhi, akanitimua kwenye mihogo yake. Nikahamia kwa jirani, nikachora mchana kweupe, mgomba kwa mgomba, bati kwa bati. Nilipomaliza nilijipigia makofi, peke yangu, kama mwendawazimu.

Nikaipeleka Bwera pamoja na rangi zangu. Yule bibi kizee aliikodolea macho picha, kisha akaketi sakafuni, akaanza kulia.

"Moshi iko wapi? Hakuna mutu anapika. Bote balikufa!"

Kwetu milimani, asubuhi unatazama kilima cha pili, ukiona moshi wa jikoni unajua jirani kaamka mzima. Mimi nimekulia humu humu, nalijua hilo vizuri. Lakini unadhani nilinyamaza? Nikaanza kumhutubia binti yake juu ya uhalisia: saa ile sikuona moshi, kwa hiyo sikuchora moshi.

"Wewe ni mutu gani?" binti akanikatiza. "Weka moshi!"

Msimamo wangu wote ukanywea palepale. Nikachovya brashi, nikavuta uzi mwembamba wa moshi juu ya bati moja.

"Hapana, kushoto," akasema kizee, akifuta machozi. "Pale kwa muke ya kaka yangu. Ule anaamukaka mapema."

Nikaweka na pale. Akacheka. Akaomba chai na muhogo, akala mpaka akalamba vidole. Binti akanishika mikono kwa furaha, nami tayari nilikuwa naota nimealikwa Kampala, nimevaa koti, naeleza watu jinsi picha zangu zinavyoponya.

Kizee akainuka, akachukua mzigo wake.

"Banapika," akasema. "Muniache niende. Batanibakizia."

Binti akaziba mlango kwa mikono yote miwili, akanitazama. Nikapiga magoti, brashi ingali mkononi.

"Mama, nisamehe, ni rangi tu. Sikuona moshi wowote. Nimekudanganya."

Akanipapasa kichwa kwa huruma.

"Unaogopa nini, mutoto yangu? Ile moshi ni ya kwetu. Ninaijua."

Tukamshika wawili, mimi na binti yake, naye anapiga kelele kwamba chakula kinapoa.