Kiti cha Nyuma

"Mimi si mtu wa kupeleka maneno," alisema Mama Pacha, na hapo hapo Mama Kitufe akajua maneno yanakuja.

Walikuwa uani wakianua nguo. Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, alikuwa na kibanio mdomoni. Akakitoa, asije akamung'unya hata neno moja.

"Baba Kitufe nimemwona barabara ya maghala. Amepakiwa kwenye baiskeli na mwanamke. Mwanamke mbele, yeye nyuma, amemshika kiuno."

"Ile baiskeli ni ya watu wawili. Ina mahali pa kushika huko nyuma," Mama Kitufe alisema. "Anashika chuma."

"Basi macho yangu yamechakaa. Kama si kiuno, ni jirani wa kiuno." Akakunja shuka, akalipiga piga. "Na wanacheka, mwenzangu! Miguu inazunguka pamoja, huyu akikanyaga na huyu anakanyaga. Mimi na baba watoto miaka yote hii, hata kutembea sambamba hatujaweza."

Mama Kitufe alicheka, maana asingecheka, uso wake ungeanuliwa pamoja na nguo na kupelekwa nyumba kwa nyumba. Lakini aliporudi ndani, mtoto mgongoni, alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Kiuno hakikumsumbua. Kilichomchoma ni kile kicheko. Walikuwa wanacheka nini?

Mumewe alikuwa mpokea simu wa hospitali, asiyeona tangu utotoni. Walipokutana, Mama Kitufe alikuwa binti aliyeishia shule ya msingi, mjuzi wa kushona na kunyamaza, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameona nini. Huyu ndiye wa kwanza. "Leo kuna nini huko nje?" angeuliza, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza simu ya mbali. Naye angemwambia: paka wa duka la dawa amenenepa, hapiti tena kwenye vyuma vya dirisha. Mawingu yamesukumwa upande mmoja kama nguo kwenye kamba. Muuza viatu amenyoa ndevu, kumbe anafanana na dada yake. Mchana kutwa aliokota vitu kwa macho, akamwekea hadi jioni, kama wengine wanavyowawekea waume zao chakula na kukifunika.

Kisha kocha wa chama cha waendesha baiskeli akaja hospitali kutibiwa bega. Wakapiga soga pale mapokezi, na kabla bega halijapoa mume wake alikuwa amealikwa mazoezini. Chama kilikuwa na baiskeli ya viti viwili iliyojaa vumbi: mbele anakaa anayeona, ashike usukani na breki, nyuma anakaa asiyeona, akanyage kwa nguvu zake zote. Mashindano ya watu wa namna hiyo yalikuwa yanakaribia. Wa mbele alipatikana upesi, mwanamke anayesambaza mikate madukani kwa baiskeli kila asubuhi. Watu walimwita Dada Mikate.

Siku ya kwanza Baba Kitufe alirudi shati limelowa, uso umefunguka. "Mama Kitufe, nimekwenda kasi! Mimi! Tangu utotoni nakwenda kwa mwendo wa mkono ulionishika. Leo upepo umenipiga kofi usoni!" Mke wake alifurahi, na alifurahi kwelikweli. Furaha hiyo ilidumu hadi siku ya kuku.

Kuku huyo alikuwa amechorwa kwenye ukuta wa ghala la chakula cha mifugo: kuku wa manjano, mkubwa kuliko lori, amevaa viatu. Mama Kitufe alimwona alipokwenda kununua nyuzi. Akasimama pale, mtoto mgongoni, akacheka peke yake. Njia nzima alikuwa anapanga atakavyomweleza: aanze na viatu au amalizie na viatu? Mumewe akaingia jioni, hata fimbo hajaiweka.

"Mama Kitufe, umemwona kuku aliyevaa viatu?"

"Nani kakwambia?"

"Dada Mikate. Anasema kamba za viatu hazijafungwa!"

Kamba Mama Kitufe hakuwa ameziona. Alikwenda jikoni akaosha sufuria safi.

Tangu siku hiyo wivu ukahamia nyumbani kwake na godoro lake. Mumewe akisema "Dada Mikate kasema," sindano inamchoma kidole. Akichelewa, Mama Kitufe anahesabu kona za barabara kichwani na kila kona anamsikia yule mwanamke akimnong'oneza kitu kizuri. Alijiambia hana tatizo na mtu mwingine kumzungusha mumewe barabarani. Lakini macho? Macho yalikuwa kazi yake.

Ndipo kocha akaleta kitambaa cha rangi ya chungwa. "Fulana mbili, shemeji. Wao wawili. Sare."

Sare! Yeye na mumewe hawakuwahi kuvaa sare hata siku moja, na leo anaombwa amshonee mumewe sare na mwanamke mwingine, kwa mkono wake mwenyewe, kwenye cherehani yake mwenyewe.

Alikuwa na kipande cha buluu kilichobaki kwenye fulana za michezo za shule. Akakitandaza mezani. Mabega ya mumewe hakuhitaji kuyapima. Akayachora kwa chaki kwa kumbukumbu. Nani atamwambia? Mtu haoni. Dada Mikate avae chungwa lake peke yake.

Mumewe akaja, akapitisha kiganja juu ya kile kitambaa. "Rangi gani?"

"Chungwa."

"Chungwa lililoiva au linaloanza kuiva?"

"Lililoiva."

Akatabasamu. "Watatuona toka mbali."

Mama Kitufe alimtazama akiondoka kwenda mazoezini, mkono ukipapasa fremu ya mlango. Maisha yao yote hakuwahi kumwambia kitu ambacho hakipo. Na neno lenyewe lilikuwa limetoka laini, bila kukwaruza.

Kesho yake mchana Dada Mikate alikuja kupimwa. Alifika akisukuma ile baiskeli ndefu, ametoka nayo kwa fundi kukaza cheni, akaiegemeza ukutani. Mama Pacha, ambaye hakuwa na shughuli yoyote uani, ghafla akakumbuka kufagia.

Kichwani mwake Mama Kitufe alikuwa amemchora mrefu, mwembamba, wa kucheka ovyo. Aliyeingia alikuwa mfupi, mapaja kama ya mpagazi, na harufu ya mkate imemganda nguoni. Mama Kitufe akaanza kupumua. Kisha mgeni akafungua kinywa kusalimia, na sauti yake ilikuwa nzito, ya taratibu, tamu kama ya mtangazaji wa redio. Roho ikamuuma upya. Kwa mumewe, sauti ndiyo sura.

"Simama hapa," alisema, utepe shingoni.

"Nipime nimeinama, mdogo wangu. Ukinipima nimesimama, barabarani mgongo utabaki nje."

Dada Mikate akageuza kiti, akakikalia kama tandiko, akainama mbele na kushika mgongo wa kiti. Mama Kitufe akabaki nyuma yake. Ikamjia kwamba hapa aliposimama ndipo anapokaa mume wake: mgongo mpana, kisogo chenye jasho. Alivuta utepe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ulianza lini mambo haya ya baiskeli?" aliuliza, sauti kavu.

"Baba aliteguka kiuno. Mikate ilikuwa yake, mimi nilikuwa nyumbani tu. Wenye maduka wakawa wanapiga kelele, nikasema nishike mpaka apone. Akapona, akaniona namaliza maduka yote chai yake haijapoa. Akanuna! Hakuidai baiskeli tena. Mpaka leo nikipita mlangoni kwake haniambii hujambo, ananiambia breki zako zinalia."

Mama Kitufe akacheka bila kutaka. Akajikaza. "Na mume?"

"Alikuwepo. Alinitaka jioni, na mimi jioni nasinzia kwa ajili ya mikate ya asubuhi. Akatafuta wa jioni." Alisema hivyo bila kuinua kichwa. "Basi mimi nimezoea peke yangu. Kazi yangu kuona na kunyamaza. Mikate haiulizi kitu. Mume wako sasa! Mume wako anauliza."

Utepe ukasimama.

"Mwanzo nilikuwa namwambia shimo, tuta, kona tu. Siku moja akaniambia, Dada Mikate, mke wangu angeniambia na kilichopo pembeni. Nikatafuta, nikatafuta, nikaona kuku. Nikampa kuku. Unajua akasemaje? 'Nikifika nyumbani Mama Kitufe atanisimulia vizuri zaidi.' Ndipo tukacheka pale, mimi kwa aibu."

Mama Kitufe akakumbuka sufuria safi.

"Nakuonea wivu, nikwambie ukweli," Dada Mikate aliendelea, bado ameinama. "Kila kilima nasikia habari zako. Mke wangu angesema hivi, mke wangu angesema vile. Nakuburuta wewe pia kwenye ile baiskeli, hatuko wawili, tuko watatu! Lakini jana tulikaribia kuanguka. Mteremko wa maghala. Namwambia kona, kushoto, nalala upande huo na baiskeli, yeye anajikaza wima kama mlango. Ukilala peke yako mnakwenda chini wote. Kocha anasema jana ilikuwa bahati. Tukirudia hivyo anatutoa mashindanoni. Na mimi sijui ninakosea wapi."

Mama Kitufe alijua. Alijua papo hapo, kama mtu anavyojua kifungo gani kimekosekana. Mumewe haogopi kona. Anaogopa kona isiyo na mwisho. Lazima aambiwe inapoanzia na inapoishia, kabla hajaingia. Yeye humwambia hivyo hata kwenye ngazi za hospitali. Jibu lilikuwa kwenye ulimi, na angeweza kulimeza. Akilimeza tu, mumewe atarudi kutembea kwa mwendo wa mkono wake. Kuku wote watakuwa wake tena.

Dada Mikate akainuka, akajinyoosha, akaona meza. "Hii buluu ya nani?"

"Ya shule."

"Mwanafunzi gani ana mabega haya?" Alisogea, akaitazama chaki. Hakucheka. "Na yeye jana njia nzima ananiimbia chungwa lililoiva, chungwa lililoiva."

Uani fagio la Mama Pacha lilikuwa likifagia mahali pamoja. Kitufe alitambaa hadi kwenye mguu wa mgeni, akashika kamba ya kiatu chake. Mama Kitufe uso ulimwaka. Akakichukua kile kipande cha buluu, akakikunja mara mbili, akakitupa kwenye kapu la vitambara. Kisha akavuta kitambaa cha chungwa, akakitandaza mezani na kuchukua chaki, akaanza kuyachora upya mabega ya mumewe.

Dada Mikate alimtazama akichora hadi mwisho. Hakumgusia tena ile buluu. Akatoka mlangoni, akaishika baiskeli, akaigeuza ielekee barabarani, akapangusa kiti cha nyuma kwa kiganja.

"Mdogo wangu, mtoto mwachie huyo anayefagia. Njoo ukae hapa anapokaa yeye, ufumbe macho, nikuteremshe mteremko wa maghala. Na nikikosa kukupa neno unalolihitaji kwenye kona, usininyamazie. Nipigie kelele."