Majivu Kwenye Kabichi za Mama

Najua utafanya nini. Utasoma mstari huu, utatelezesha kidole kwenye simu, utaenda kutazama vichekesho. Ndiyo kawaida yenu.

Haya, pita. Ila ujue mpwa wangu Rozalka ana miaka minne, hajawahi kukanyaga lile shamba la sumu, na sumu ya shamba imo kwenye damu yake.

Hapa kwetu Silesia, mkoa wa migodi ya Ulaya, kiwanda cha zinki kilifungwa, kikatuachia udongo uliojaa risasi. Siyo za bunduki. Yale madini yanayokula akili za watoto. Sisi tulipokuwa tunaanguka darasani, wakubwa walisema ni upungufu wa damu.

Sijasahau.

Kisha ikaja kampuni. Udongo huu haufai kwa chakula, wakasema, tutapanda nyasi za nishati. Nyasi zinafyonza sumu, zinachomwa kwenye mtambo wenye vichujio, mji unapata joto.

Zikaota shamba zima, zikanipita urefu.

Mwaka jana mtambo ukaharibika. Nyasi zikarundikana. Wakazishindilia zikawa matofali, wakatuuzia tupashie nyumba. Bei ya kutupa.

Mama akafurahi. "Achim, haya yanawaka kuliko makaa ya mawe."

Rozalka akaanza kukonda. Daktari akapima damu, akakuta risasi, akamwangalia dada yangu Urszula.

"Anacheza wapi?"

"Kwa bibi yake. Hatoki pale."

"Anakula?"

"Kabichi ya kuchachusha tu. Anaidokoa pipani kama panya."

Tukakwangua rangi zote ukutani, maana rangi na mabomba ya zamani huwa na risasi. Tukang'oa mabomba. Tukampima tena.

Risasi imepanda.

Jumamosi moja nikamkuta mama bustanini, ameinama na ndoo, ananyunyiza majivu ya jiko kwenye kabichi. Kila mama wa mtaa huu hufanya hivyo. Rozalka yuko nyuma yake na kijiko, anasaidia, mdomo mweupe kwa vumbi.

"Mama, majivu hayo ya nini?"

"Swali gani hilo? Kabichi zilishwe nini, hotuba zako?"

"Ni ya zile nyasi?"

Akaitua ndoo polepole.

"Kumbe nimemlisha mimi," akasema.

Nikaenda getini kwa kampuni. Msimamizi hata hakuzima sigara.

"Mzee, sisi tuliuza kuni. Majivu hatukuuza."

Sikiliza basi. Risasi haiungui. Nyasi zinageuka moshi, yenyewe inabaki jivuni, imejikusanya. Tuliambiwa ardhi inasafishwa. Tukaibeba sumu yake wenyewe, tukairudisha kwa ndoo mpaka mlangoni.

Mama hajaingia bustanini tangu siku ile. Pipa la kabichi tumelifunga kwa kamba.

Na wewe uliyenunua matofali yale, usiniandikie pole. Inuka. Usiyachome tena. Majivu yatie kwenye debe la bati, funika. Mpeleke mwanao akapimwe damu leo, siyo baada ya sikukuu.

Jumatatu asubuhi lete debe lako getini kwa kampuni. La mama yangu litakuwa limeshatangulia.