Gari Yangu Ilikuwa na Aleji ya Matope

Nimekosa. Nasema mapema ndio usianze kunihurumia ukidhani kuna mtu alinidanganya. Hakuna mwanamume, hakuna mganga, hata shetani simsingizii. Ni mimi na akili zangu timamu, na viti vya rangi ya krimu.

Wengine huungama mambo mazito. Mimi naungama velveti! Cheka tu, hata mume wangu alicheka mwanzoni. Lakini nisikilize mpaka mwisho, halafu uniambie kama bado unacheka.

Tunaishi Nakuru, upande wa Lanet. Mume wangu, Baba Chebet, ni mwalimu. Mimi hushona mapazia na vitambaa vya makochi, kwa hivyo kitambaa nakijua kwa vidole hata ukinifunga macho. Hapo ndipo ugonjwa ulianzia.

Tulikuwa tunatafuta kagari kadogo kwa sababu moja tu, mama yake Baba Chebet. Anaishi Keringet, na goti lake la kulia limemsumbua siku nyingi. Daktari wa hapa Nakuru alitaka kumwona kila mwezi. Sasa mwambie mama wa umri ule apande gari mpaka Molo, ashuke, apande lingine, na goti limefura. Tukasema, hapana, tununue yetu, tuwe tunamleta wenyewe.

Huyo mama, jameni, niwaambie vile alivyo kwangu. Sisi kwetu tulizaliwa kota za reli, babu alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya treni, na mama yangu mzazi alifariki kabla sijaolewa. Siku niliyopelekwa Keringet mara ya kwanza, nikitetemeka kwa baridi na kwa woga, huyu mama alinishika mkono akaniita "lakwet". Kwa lugha yao ni mtoto. Hakuniita mke wa fulani. Tangu siku hiyo hakuwahi kuniita jina lingine.

Haya. Tukaenda yadi ya magari.

Kulikuwa na magari mawili yamesimama pamoja, madogo yote, injini sawa, umri sawa. Moja ndani ilikuwa plastiki nyeusi ngumu na viti vya kitambaa cha rangi ya majivu, kile kigumu kama sare ya shule. Baba Chebet akagonga dashibodi, ko ko ko, akafurahi.

"Unasikia hiyo? Matope ikiingia hapa, unachukua maji na kitambaa, kwisha maneno."

"Hii ni gari ama ni beseni?" nikamuuliza.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mlango wa ile nyingine. Woi! Krimu kila mahali! Viti vya velveti laini, dashibodi ukiibonyeza inabonyea, na milango imeshonewa kitambaa kwa uzi mzuri, mishono imenyooka. Na viti bado vilikuwa vimefunikwa nailoni, ile nailoni ya kitu kipya! Nikaketi. Nikakataa kutoka.

"Gari ni ndani," nikamwambia mume wangu. "Nje ni ya watu wa barabarani. Ndani ndio yangu."

Na kwa hilo sikukosea, siwezi kudanganya. Tulizijaribu zote mbili. Ile beseni ikipita kwa matuta ilikuwa inalia kama droo ya vijiko, na ile ya krimu ilinyamaza kabisa. Mtu akikuambia ndani ya gari ndogo si kitu, muulize kama amewahi kukalia kiti kibaya kutoka Nakuru mpaka Keringet. Gari kubwa inaweza kukuficha hapa na pale. Ndogo, kila kitu kinakugusa.

Baba Chebet akashindwa. Yeye hushindwa mapema, ni mtu wa amani.

Kosa lilianza tulipofika nyumbani. Aliponyoosha mkono kutoa ile nailoni, nilimpiga kofi la mkononi. "Wewe! Unataka ichafuke?"

Unajua mimi nilikulia nyumba gani? Nyumba ambayo kochi la wageni lilivaa vitambaa vya kufuma juu, chini na mikononi, na watoto tuliketi kwa stuli. Nilikuwa nikimchukia mama yangu kwa hayo makochi. Kumbe nilikuwa nachukua masomo.

Sheria zikaja. Hakuna kula ndani ya gari. Hakuna maziwa. Viatu vinapigwa pigwa nje kabla ya kuingia. Chebet, binti yetu, alikuwa akivaa rinda la kanisa, mapaja yanashika kwa nailoni kwa sababu ya jua, akishuka unasikia "chrrr!" kama plasta inatolewa. Majirani wakaipatia gari jina, Sitting Room. Baba Chebet kila asubuhi anasimama mlangoni mwa gari anauliza, "Niingie, ama nibishe hodi kwanza?"

Nilicheka nao. Lakini sikutoa nailoni.

Sasa ikafika wikendi ya Chebet kupokea komunyo ya kwanza. Jumamosi tukaenda Keringet kumchukua Gogo wake, yaani nyanya yake, alale kwetu, Jumapili tuende kanisa, Jumatatu nimpeleke kliniki. Mpango ulikuwa mzuri. Halafu mvua ikanyesha, na mvua ya huko unaijua. Njia ya kutoka barabarani hadi bomani ilikuwa uji.

Mama akatoka nyumbani anachechemea. Amevaa rinda lake la sherehe, kilemba kipya, na gambuti zimejaa matope hadi juu. Mkononi amekumbatia kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kulala, yenye majivu, aliyoyatengeneza kwa ajili ya siku ya mjukuu wake. Nyuma yake kuna nusu gunia la viazi na kabichi.

Moyo wangu ulifurahi? Haukufurahi! Mungu anisamehe, mimi niliangalia miguu.

"Mama, gambuti tuweke kwa buti, huko nyuma ya gari," nikasema. Akavua, akabaki na soksi. Nikatandika gazeti chini. Viazi nikasema tutavichukua siku nyingine. Akaitikia kwa kichwa. Halafu nikakiangalia kile kibuyu. Mursik ikitikiswa huwa inafura, na kifuniko kinaweza kuruka. Nikaona majivu ya mursik yakipenya nailoni hadi kwa velveti yangu.

"Hiyo pia, Mama. Kwa buti."

"Itaanguka, lakwet. Nitaishika tu."

"Mama," nikasema, na hapa ndipo ningetaka dunia inimeze, "hii gari si ya shamba."

Baba Chebet akaangalia juu, kama kuna kitu kimeandikwa mawinguni. Chebet akaacha kutafuna kucha. Yule mama akaniangalia, akatabasamu kidogo, akaomba gambuti zake.

"Basi tangulieni. Jirani anapakia viazi, lori yake inaenda Nakuru kesho asubuhi. Hiyo ni ya shamba."

Tukambembeleza. Nilimbembeleza mimi mwenyewe, lakini unajua nilimbembeleza nikiwa nimesimama wapi? Katikati ya mlango wa gari. Akakataa kwa upole, akatupungia mkono.

Tukarudi hadi Molo. Hapo mume wangu akasema, "Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Afadhali angenigombeza.

Jumapili misa imeisha, tuko nje tunapiga picha, Chebet amevaa nyeupe, watu wamejaa. Mara honi, pooo! Lori la viazi likaingia uwanja wa kanisa, limejaa mpaka limeinama. Mlango wa mbele ukafunguka, na huyo, mama mkwe wangu! Dereva alimshika mkono mmoja, katekista akashika mwingine, na akashuka akitanguliza mguu mbaya. Kibuyu kiko kifuani, hakikumwagika tone.

Vijana wa kwaya wakaanza, "Niaje Gogo! Umekuja na ndege kubwa!"

Mama mmoja wa jumuiya yetu, yule asiyepitwa na jambo, akauliza kwa sauti, "Kwani ile gari yenu imeharibika?"

Nikainama kumrekebishia Chebet rinda. Gogo ndiye aliyejibu.

"Haijaharibika. Iko na aleji ya matope tu."

Watu walicheka mpaka padri akageuka. Na mimi nikacheka, macho yakiniwasha. Angeweza kunianika pale mbele ya kanisa zima, na haki alikuwa nayo. Alinifunika kwa mzaha. Lakini Chebet akamshika rinda akauliza, "Gogo, kwani ulikataliwa?" Na hapo hakuna aliyecheka.

Nyumbani nilipomletea maji ya moto, nikaona lile goti. Kupanda lori na kushuka lori kulikuwa kumelifanya kama boga. Nikaanza kulikanda, nikilia. Akaniambia ninyamaze, nisiharibu sherehe ya mtoto. Lakini kulala alikataa. Lori lilipomaliza kushusha viazi sokoni, likampitia, akarudi nalo Keringet. Jumatatu daktari alimngoja bure.

Na mwezi uliofuata akakataa kuja. Na uliofuata. Baba Chebet akipiga simu kusema anaenda kumchukua, jibu ni moja, "Wacha, nisije nikaharibu vitu vya watu." Goti likawa linamla, yeye yuko kule kwa baridi, na gari iliyonunuliwa kwa ajili ya hilo goti iko hapa kwangu, safi.

Safi! Ngoja nikuambie kuhusu usafi. Siku moja hasira ilinipanda, nikachukua makasi, nikaingia kwa gari, nikaichanachana ile nailoni yote. Unajua nilipata nini chini? Ukungu! Madoa ya kijani na meusi, mgongoni mwa kiti cha dereva mpaka chini. Jasho na unyevu vilikuwa vimefungiwa humo ndani miezi yote. Mimi, fundi wa vitambaa, nilisahau kwamba kitambaa hupumua! Ile velveti ilioza ikiwa inalindwa na mimi mwenyewe. Niliketi pale chini nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kesho yake nilienda Keringet peke yangu. Nikakanyaga matope makusudi, nikaingia kwake nikapiga magoti.

"Mama, nilikosa. Si kidogo. Nilikosa kabisa."

Akaniinua. Akanipa chai. Akasema yameisha, yeye hana kinyongo, na twende basi tukaone huyo daktari. Nikafurahi, nikakimbia kufungua mlango. Yeye alipofika, akaketi kwanza miguu ikiwa nje, akavua gambuti, akazifunga kwa gunia alilokuja nalo, akaziweka mapajani.

"Mama, vaa tu! Haki ya Mungu, vaa! Hata kiti kimeoza, angalia!"

"Hapana, niko sawa. Nimezoea."

Tukaenda hivyo. Kilomita zote hizo, miguu ya soksi, gunia mapajani. Karibu na Molo akaniuliza, uso hauna hata tabasamu, "Naruhusiwa kukohoa humu ndani?"

Nikapasuka kicheko na machozi kwa pamoja, ikabidi nisimamishe gari kando. Na yeye akacheka, akanipiga bega. Nikajua amenisamehe kweli. Nikadhani basi, tumerudi palepale.

Tukafika kliniki. Nesi akamshika mkono, akamuuliza vile wanavyouliza wote, "Gogo, leo umeletwa na nani?"

Miaka yote alikuwa akijibu "mtoto wangu". Nilimsikia mwenyewe akijibu hivyo mara nyingi, hata mbele ya watoto wake wa kuzaa. Siku hiyo akanionyesha kwa kidevu, kwa upole tu, bila ubaya wowote.

"Nimeletwa na mwenye gari."

Nesi akacheka, akafikiri ni utani. Pengine ni utani. Lakini mwezi uliofuata ilikuwa hivyo hivyo, na nyumbani pia ni hivyo. "Mwenye gari, chai iko?" "Mwenye gari, mtoto amelala?" Baba Chebet anasema nisitie maanani, mama anapenda mzaha. Mimi naijua mizaha yake. Mingine huwa inaisha, huu hauishi.

Kwa hivyo, dada yangu, kaka yangu, wewe uko yadi saa hii unabonyeza dashibodi. Bonyeza! Kagua mshono, nusa kiti, chagua kizuri, usikubali beseni kama roho yako haitaki. Ila kabla hujalipa, mfikirie mtu wa kwanza utakayembeba, na vile miguu yake huwa mvua ikinyesha. Na hiyo nailoni itoe hapo hapo yadi, uiache na muuzaji.

Mimi velveti niliiosha kwa siki na magadi, nikaianika juani, madoa mengi yakatoka. Goti pia linapona, daktari ameridhika. Lakini mama yangu huketi kwa gari yangu kama mgeni, na lile neno lakwet sijalisikia tena tangu ile siku ya mvua. Nimeogopa kumwomba aniite. Neno kama hilo huliombi, unapewa.