Sauti ya Kumi na Moja

Kwa miaka ishirini na miwili alifua shuka za hospitali, na kila mtu pale, kuanzia mlinzi hadi daktari mkuu, alimwita Dobi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono iliyochunwa na sabuni, na alijua kufunga mdomo. Shuka husema mengi kuhusu wagonjwa, na dobi asiyejua kunyamaza hadumu kazini.

Hakujaliwa mtoto. Aliishi katika vyumba viwili pamoja na wifi yake, mjane wa kaka yake, na mtoto wa wifi huyo, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa fundi wa kuchomelea. Kaka alipofariki, ndugu wengine walimshauri Dobi ahame akajitafutie maisha yake. Alijibu kwamba maisha yake ndiyo hao wawili, na mjadala ukaishia hapo.

Wifi alikuwa na kisukari. Alijichoma sindano kila asubuhi, na daktari akamwambia lazima atembee, si kutoka jikoni hadi barazani, bali kutembea hasa. Ndipo Dobi alipompeleka kwenye chama cha watembezi cha mtaani kwao.

Chama hicho kilianzishwa na mwalimu mstaafu wa hesabu. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, wanachama kumi na mmoja walikutana nyuma ya ofisi ya maji, kisha wakaelekea milimani. Walitembea kwa mstari mmoja, kila mtu na namba yake. Mwalimu alitangulia akiwa namba moja. Dobi alikuwa kumi, na wifi, aliyejiunga mwisho, akawa kumi na moja. Kila baada ya nusu saa Mwalimu alisema, "Hesabu," na sauti zikaanza kupokezana kuelekea nyuma. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama wala kugeuka.

"Mtu akigeuka," Mwalimu alisema, "mguu unasahau kazi yake."

"Wangu umeshasahau tangu juzi," alijibu fundi bomba aliyekuwa namba nne. Siku nyingine aliitika, "Nne kasoro goti," na mstari mzima ukayumba kwa kicheko.

Kulikuwa na sharti moja gumu. Aliyekosa kuitika mara tatu kwa mwaka alitolewa kwenye safari za milimani, akabaki na kundi la kuzunguka kiwanja cha mpira. Katika miezi miwili ya kwanza wifi alikosa mara mbili, kwa sababu alikuwa ameachwa mbali.

"Wakinitoa sitaenda kiwanjani," alimwambia Dobi. "Nizunguke pale kama pia, watoto wanicheke? Heri nikae nyumbani."

Dobi alijua maana ya kukaa nyumbani. Tangu afiwe, wifi alikuwa hacheki isipokuwa kule milimani. Basi Dobi akaanza kumwitikia. Wifi alikuwa na sauti nyembamba inayopitia puani kidogo, na baada ya wiki chache Dobi akaipata barabara. Alisema "Kumi" kwa sauti yake mwenyewe, akaelekeza uso begani, akasema "Kumi na moja." Mbele yake wote walikuwa wametazama njia, na nyuma yake hakukuwa na mtu.

Wifi alipowafikia, akihema na kucheka, alinong'ona, "Leo nimeitikaje?"

"Umeitika vizuri, ila ulikuwa na mafua."

Mchezo huo uliendelea kwa miezi saba.

Jumamosi moja walipanda mlima wenye machimbo ya zamani ya mawe. Dobi alimbebea wifi mfuko wake ili apumue: maji, sweta, biskuti, na pakiti ya glukosi aliyoagizwa na daktari asiiache. Karibu na kilele, kamba ya kiatu cha wifi ilifunguka.

"Tangulia, wifi yangu. Wakihesabu, niitikie."

Walihesabu, naye akamwitikia. Muda mfupi baadaye ukungu ulishuka na mvua ikaanza kwa kishindo. Mwalimu akaamua wasirudi kwa njia waliyoizoea. Kwenye njia panda iliyokuwa mbele yao alikata kushoto, kando ya machimbo, ili wafike barabara ya lami haraka.

Dobi aligeuka. Aliona ukungu tu. Neno lilimfika mdomoni, kwamba wasimame, mtu yuko nyuma. Lakini kulisema kulikuwa ni kueleza sauti iliyoitika dakika chache nyuma ilikuwa ya nani, na zote zilizotangulia. Wifi angetolewa siku hiyohiyo, pengine wote wawili. Akajiambia kwamba wifi ataona nyayo zao. Mvua ilikuwa inazifuta nyayo hizo mbele ya macho yake.

Baada ya robo saa, Mwalimu akasema, "Hesabu."

Namba zikaja moja moja katikati ya mvua. "Kumi," alisema Dobi. Akaelekeza uso begani, akaitika tena.

"Tumetimia," alisema Mwalimu, akaongeza mwendo.

Barabarani, chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, Mwalimu aliwahesabu kwa macho. Akarudia.

"Kumi na moja yuko wapi? Nimemsikia sasa hivi."

"Hata mimi nimemsikia," alisema fundi bomba.

Dobi alishaanza kukimbia kurudi mlimani.

Wengine wakamfuata, lakini njia ilikuwa imegeuka tope na ukungu haukuinuka, wakapotea mara mbili. Walimkuta saa tisa alasiri, hatua chache kutoka njia panda, ameegemea jiwe kama mtu anayesubiri zamu yake dirishani. Kiatu alikuwa amekifunga vizuri. Mwili ulikuwa umepoa. Fundi bomba ndiye aliyeutoa ule mfuko begani kwa Dobi, kwa sababu mwenyewe hakuweza.

Daktari alieleza kwamba sukari ilishuka. "Angepata hata vijiko viwili vya glukosi," alimwambia kijana, kisha akajutia kauli yake.

Msibani watu walitafuta sababu, wakaipata upesi: masikio ya Mwalimu. Mzee wa miaka sabini na moja, mvua ile, atasikia nini? Mwalimu mwenyewe akakubali. Alisimama mbele ya kijana, kofia mkononi.

"Mwanangu, nilisikia kisichosemwa. Nimekupotezea mama."

"Mzee," alisema kijana, "toka hapa kabla sijasahau umri wako."

Dobi alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alirudi jikoni akaviosha, ingawa vilikuwa safi.

Chama kikafa. Wazazi waliompelekea Mwalimu watoto wao kwa masomo ya ziada waliwaondoa. Kijana alipokutana naye njiani alivuka upande wa pili. Dobi alinyamaza. Akimtaja mwenye sauti, Mwalimu angepona, lakini yeye angempoteza kijana, na hakuwa amebakiwa na mtu mwingine.

Wiki ya sita baada ya mazishi, fundi bomba alikuja kuifua mifereji ya hospitali, kama alivyopenda kusema alipoitwa kuizibua.

"Mwalimu alikuja kupimwa masikio hapa kwenu," alisema akiwa amepiga magoti. "Wamemwambia ni mazima kama ya kijana. Amekataa. Anasema mashine yao mbovu. Sasa anajipima mwenyewe kwa mlio wa saa ya ukutani, anarudi nyuma hatua moja moja aone utapotea wapi. Mkewe anasema halali."

Jioni hiyo Dobi alimwandalia kijana chakula, akakaa mbele yake.

"Yule mzee alisikia kweli."

"Alisikia nini?"

"Kumi na moja. Niliitika mimi."

Kijana alitabasamu kwa huruma. "Shangazi, usimbebee mzee mzigo wake."

Dobi alielekeza uso begani, akaitamka namba ile kwa sauti ya mama wa kijana.

Kijana aliweka kijiko chini. Kisha akauliza, "Siku ile uliitika mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili, ulijua hayupo?"

"Nilijua."

Kijana alinawa mikono, akatoka. Asubuhi alikwenda kwa Mwalimu, akakaa huko hadi mchana. Aliporudi alikusanya nguo zake na miwani yake ya kuchomelea. Alikuwa anahamia kwa mjomba wake.

"Nguo za mama ziko wapi?"

Dobi alimfungulia kabati. Zilikuwa zimepangwa kwa rangi, zimepigwa pasi. Kijana alichukua gauni moja, akaliweka usoni, akavuta pumzi. Akachukua jingine.

"Umezifua?"

"Nimezifua."

"Zote?"

"Zote, mwanangu."

Alibaki ameshika gauni lile lenye harufu ya sabuni ya hospitali. Kisha akalikunja ovyo, likatoka na mikunjo, akalitia kwenye mfuko na kuondoka. Dobi alinyoosha mikono amkunjie vizuri, lakini kijana alikuwa ameshafika barabarani.