Uji wa Tutu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tutu, ile sketi ya wacheza baleti inayosimama kiunoni kama sahani, husimama kwa sababu imechovywa kwenye uji wa muhogo. Habari hizi nilipewa na mwenzangu wa dawati kwenye masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, pale Kitui, mwashi mwenye sauti ya mhubiri. "Ukiona imelala," alisema, "jua walikoroga mwepesi." Nilimwamini kuliko mwalimu wa hesabu.

Basi dada yangu akatangaza harusi kule kwetu Mutomo, na binti yangu wa miaka sita akachaguliwa kumtangulia bibi harusi akirusha maua. Siku hizi Ukambani hakuna harusi bila tutu. Zilitoka kwa wacheza densi wa Ulaya, zikapitia marobota ya mitumba, sasa zinaingia kanisani kabla ya mchungaji. Nimeona tutu juu ya sare ya shule. Nimeona tutu na gambuti, mahali ambapo matope tunayasikia redioni tu.

Binti yangu alikuwa na sharti moja: isimame. "Baba, ikilala sitoki. Shangazi atajirushia maua mwenyewe."

Nikapata moja sokoni Emali, ya neti ya pinki, imelala kama kitambaa cha kufutia meza. Sikushtuka, si nilikuwa na elimu? Ijumaa asubuhi, harusi ikiwa kesho yake, nilikoroga uji uani kwa mama yangu Mutomo, uji mzito wa kuweza kujengea choo. Nikaizamisha sketi, nikaianika kambani. Jua la Mutomo halina mchezo: baada ya saa moja ilisimama, ukiigonga inalia kama debe! Nikaita nyumba nzima, nikawachezea baleti niliyoibuni papo hapo.

Tukaingia ndani kunywa chai. Tulipotoka, mbuzi watatu wa mama walikuwa wamebakisha lastiki, na mmoja bado alikuwa anaifikiria.

Binti yangu hakulia, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Alisema tu, "Baba, umewapikia."

Nilimbeba mbio hadi kwa fundi wa nguo sokoni, mama aliyeshona sare za nusu ya Mutomo. Nilimweleza yote, hadi kipimo cha unga. Alicheka mpaka cherehani ikasogea, kisha akaita majirani nirudie.

"Mama, utatushonea ingine kabla ya kesho?"

"Nitashona. Wewe kaa hapo ukate neti, na usiguse kitu cha kuliwa."

Nilikata, akakunja marinda, akashona hadi alasiri. Binti yangu akaivaa, akazunguka mara moja, mara kumi, akajigonga mlangoni, akazunguka tena. Ilisimama. Nikamwinamia fundi, nikanong'ona, "Na uji unaingia saa ngapi?"

Akakata uzi kwa meno.

"Hakuna uji, baba. Ni neti ngumu, safu nyingi, fupi chini, ndefu juu. Ya chini ndiyo inabeba ya juu. Basi."